Unga Kwenye Makali

Katika Kamembe nzima, mji ulio mpakani na Kongo, hakuna aliyekuwa na maringo ya visu kama Ridhwani. Alivifua mwenyewe kutoka springi za malori yaliyokufa, na mtu akimletea kisu cha dukani alikipokea kwa ncha za vidole, kama aliyepewa soksi ya mwenzake. Asubuhi moja ya kiangazi cha mwaka wa tisini na tisa, asubuhi ya kawaida kabisa, alikuwa uani kwake akimpa somo muuza nyama Kayitare, ambaye wala hakuliomba.

Tupa, alisema, ni ya majembe na mapanga. Gurudumu la kukanyaga kwa mguu lina haraka, lakini chuma kinapata moto, ukingo unageuka buluu, na ugumu wote umekwisha. Kisu kilichofuliwa kwa mkono kinataka jiwe, maji na subira.

"Na hii jiwe yako, uliitoshaka wapi?" Kayitare aliuliza.

"Giheke," alijibu Ridhwani, upesi kidogo.

Jiwe lilikuwa bapa, jeusi, refu kama mkono wa mtu mzima, limebonyea katikati. Kisu kikipita hapo kilinyoa ndevu. Lakini halikutoka Giheke. Lilikuwa urusyo, jiwe la kusagia mtama, na mwenyewe alikuwa Mukansanga wa Gihundwe, aliyeuawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka wa tisini na nne pamoja na watoto wake wawili wadogo. Nyumba ilipobaki wazi, watu walibeba mabati, milango, hata misumari. Ridhwani hakuwamo, na alijisifia hilo moyoni. Yeye alikwenda wa mwisho, wiki mbili baadaye, kuangalia tu. Akaliona jiwe jikoni, akapitisha kidole gumba juu yake kama fundi, na tamaa ikamshinda. Alilileta kwa toroli, amelifunika majani ya migomba. Alijiambia kwamba ni jiwe tu. Ila mtu anayebeba jiwe tu halifuniki, na hilo alilijua tangu siku ile.

Kayitare alipoondoka na kisu chake kilichonolewa, aliingia msichana mwenye kisu cha jikoni. Ridhwani alimtambua kwa paji la uso kabla hajataja jina. Alikuwa Marguerite, binti mkubwa wa Mukansanga. Mwaka ule alikuwa kwa shangazi yake Bukavu akisoma, ndiyo maana yu hai. Sasa vita vya Kongo vilikuwa vimemrudisha ng'ambo hii, na alikuwa ameezeka upya nyumba ya mama yake.

Ridhwani alitupia gunia bichi juu ya jiwe, akaanza kukinoa kile kisu kwa kinoo kingine kidogo.

"Papa Ridhwani, bantu banasema munajuaka mawe," Marguerite alisema kwa sauti ya chini. "Maman alikuwaka na urusyo. Mama yake alimupaka siku ya ndoa. Nimetafuta mu nyumba, haiko. Hamukuionaka?"

Goti la msichana lilikuwa limeligusa gunia.

"Hapana, mutoto yangu. Ile nyumba sikufikaka."

"Siko natafuta mwenye alibeba. Natafuta jiwe tu."

"Mungu atakusaidia," alisema Ridhwani. Baadaye neno hilo la Mungu lilimchoma kuliko uongo wenyewe.

Msichana alipokwisha kwenda, Ridhwani alipangusa kisu chake kimoja kwa kitambaa. Kitambaa kikatoka na unga. Ulikuwa mwekundu-mwekundu, laini, bado una joto. Unga wa mtama. Mkewe Zulaikha hakuwa amesaga mtama tangu waoane; nyumbani kwao walikula ugali wa muhogo. Aliinama kunawa mikono kwenye ndoo ya kunolea. Maji yalikuwa yamekuwa uji.

Siku ya tatu Kayitare alirudi. Alimsogelea karibu, akanong'ona kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu.

"Nyama yangu inatoka na unga."

"Kisu ulikiweka wapi?"

"Fasi ya kila siku. Unga inatoka mu kisu yenyewe, Ridhwani."

Ridhwani aliacha kulitumia lile jiwe. Alinolea kinoo kidogo, unga ukatoka. Alishika tupa, na vumbi la chuma, ambalo lilipaswa kuwa jeusi, likamwagika jekundu. Ndipo akafanya jambo alilokuwa akiwacheka wengine kwa miaka: akaazima gurudumu la kukanyaga, akaliweka uani, akakinoa kisu chake mwenyewe juu yake. Cheche ziliruka kidogo. Kisha zikakoma. Gurudumu lilizunguka likimwaga unga juu ya miguu yake.

Na kulikuwa na pumzi. Fupi, nzito, ya mwanamke anayesukuma kitu kwa mikono miwili. Alisimamisha mguu. Gurudumu likasimama. Pumzi haikusimama. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi, majirani wakipika. Ilitoka chini ya gunia.

Alilifunua. Hakukuwa na mtu. Bonyeo la katikati lilikuwa limeongezeka kina, upana wa kidole gumba. Siku nane hakuwa amelitumia. Kuna mtu alikuwa akilitumia.

Alijua la kufanya. Abebe jiwe mchana kweupe, afike Gihundwe, aseme: "Ni mimi niliyebeba." Maneno matatu. Aliyafanyia mazoezi chooni. Lakini aliwaza msikitini, ambako watu humwachia amana zao kwa kuwa ni mwaminifu. Aliwaza uso wa Zulaikha. Jumapili, Marguerite akiwa misani, alilipeleka kwa toroli, limefunikwa majani kama mara ya kwanza, akalitua mlangoni na kuondoka mbio. Mtu wa umri wake, akikimbia. Aliona haya hata mbele ya kuku wa njiani.

Visu vikapona. Wiki iliyofuata Marguerite alipita, uso umenawiri.

"Papa, jiwe imerudi. Kuna muntu aliirudisha. Ningemujua, ningemupa aksanti."

Alisubiri kidogo. Ridhwani alikuwa akitazama makali ya kisu.

"Alhamdulillah," alisema, na msichana akaenda zake.

Siku hiyohiyo Zulaikha alikuwa akifagia uani. Aliacha kufagia, akamwita kwa sauti ya kunong'ona.

"Mzee. Ni nani anapigaka magoti hapa?"

Mbele ya kigoda cha Ridhwani, upande wa pili wa pale jiwe lilipokuwa, kulikuwa na mashimo mawili kwenye udongo. Ya mviringo, yaling'aa kwa kusuguliwa. Nyuma yake kulikuwa na alama za vidole vya miguu, vimekaza chini. Aliyepiga magoti pale alikuwa anamtazama. Miaka mitano Ridhwani alikuwa amekaa pale, ana kwa ana naye, akisifia jiwe.

"Hakuna muntu," alisema. "Ni maji ya kunolea, inachimbaka udongo."

Ridhwani alishindwa kuinua macho. Aliyafukia yale mashimo, akamwaga saruji juu, akailainisha kwa mwiko mpaka ikawa sawa kama meza, na kuizungushia mbao ili kuku wasipite.

Asubuhi saruji ilikuwa imekauka. Mashimo mawili yalikuwa palepale. Kulia kwake kulikuwa na mawili mengine, na kushoto mawili, madogo, ya magoti ya watoto. Yote sita yalielekea kigoda.