Mshumaa Kichwani pa Anthelme

Anthelme Perrollaz alikuwa amelala kifudifudi kati ya mapipa mawili ya mvinyo, ghalani chini ya nyumba yake, mkono umeikumbatia chupa. Kando ya kichwa chake, mshumaa ulikuwa umeungua hadi mwisho na nta kuganda sakafuni.

"Gesi," alisema Daktari Roissard, akifunga mkoba wake. "Zabibu zinachacha, gesi inatanda chini, mtu anavuta pumzi mbili tatu, kwisha habari yake. Kila mavuno nazika mmoja."

"Wewe huziki, daktari, unasaini tu," alisema inspekta.

Inspekta Ludivine Chavoz alizaliwa bonde hilohilo, chini ya mlima Granier, binti wa mkulima wa zabibu. Alichuchumaa. "Gesi ya kuua mtu huuzima moto kwanza. Mshumaa huu umewaka ukaisha wenyewe, tena sakafuni, karibu na pua yake. Hewa ilikuwa safi."

Ludivine alivaa glavu, akapekua nywele za marehemu. Kisogoni palikuwa na jeraha, damu imeganda.

"Afanyiwe uchunguzi wa maiti. Na ile nyundo ya mti, ya kupigia vizibo vya mapipa, ichukuliwe alama za vidole."

Mlangoni, kipande cha mshumaa wa kupimia gesi kilining'inia kwenye msumari wake. Madirisha ya hewa yalikuwa wazi, kwa hiyo Anthelme hakukihitaji. Basi huu mwingine, wenye harufu ya nta ya nyuki, uliletwa na nani? Ludivine alihisi jibu, na hakulipenda hata kidogo.

Jikoni, Fernande, dada wa marehemu, alikaa wima mbele ya sufuria ya jibini iliyoganda. Uma mbili, bilauri mbili.

"Mlikula pamoja jana, mama?"

"Jibini ya Beaufort, ya kuyeyusha na kuchovya mkate. Alisema mvinyo wetu mweupe ni mkali, unataka jibini yenye mafuta."

"Akashuka kwa nini?"

"Mkate ulimdondokea sufuriani. Unajua mwenyewe, mwanangu. Anayedondosha ndiye anayefuata chupa."

"Na wewe?"

"Nikangoja. Nikachoka. Nikalala."

"Hukumfuata?"

"Na magoti haya?"

Ludivine alitazama rafu chini ya msalaba. Ilikuwa tupu.

"Mshumaa wa Februari uko wapi? Ule uliobarikiwa kanisani."

"Aliuchukua yeye."

"Kupimia gesi? Mama, usinifanye mgeni. Huo tunauwasha radi zikipiga, na tunauwasha kichwani pa maiti. Aliyeuwasha alishajua kwamba Anthelme amekufa."

Fernande aliisukuma sufuria kando.

"Ningemwachaje gizani?" alisema. "Mdogo wangu. Nimemlea mimi."

"Kwa nini, mama?"

"Amekubali kung'oa mizabibu ya juu! Ile ya baba na mama. Wajenge hoteli ya watu wa kuteleza kwenye theluji. Maisha yangu yote nimepogoa mimi, nimefunga mimi, yeye jina lake tu kwenye hati. Na ananiambia huku anatafuna! Mkate ukamdondoka, akacheka, akashuka. Nikamfuata nimsihi. Akasema, 'Fernande, wewe mzee, mizabibu mizee, pumzikeni wote.' Akanipa mgongo. Nyundo ilikuwa palepale."

Alilia bila sauti. Ludivine alimwonea huruma, akajichukia kwa pingu zilizokuwa mfukoni mwake. Hata hivyo alizitoa.

"Fernande Perrollaz, nakukamata kwa mauaji ya ndugu yako."

"Sawa. Lakini sasa haitang'olewa, sivyo? Aliyetaka kuing'oa hayupo."

Ludivine alitamani kudanganya. "Muuaji harithi, mama. Itakwenda kwa mtoto wa Anthelme, Gaspard."

Fernande aliinuka taratibu kitini.

"Gaspard ndiye aliyewaleta watu wa hoteli," alisema, kisha akanyoosha mikono afungwe.