Fundi Aliyepima Kondomu kwa Maji

Fundi baiskeli mmoja alikuwa na sheria moja kibandani kwake. Tyubu haitoki bila kuingia kwenye maji. Hata tyubu mpya, iliyotoka dukani ndani ya boksi lake, aliijaza upepo, akaitumbukiza kwenye beseni, akaizungusha polepole huku kichwa ameinamisha. Akiona kiputo kimoja tu, anarudi kwenye msasa na gundi. Wateja wenye haraka walimnung'unikia. Wengine walimwita Mzee wa Beseni, ingawa hakuwa hata na miaka thelathini na tano. Yeye alicheka tu na kuendelea na kazi.

Nyumbani aliitwa Baba Chiriku. Chiriku lilikuwa jina la utani la binti yao wa miaka sita, mtoto asiyefunga mdomo tangu anapoamka hadi anapopitiwa na usingizi. Mdogo wake wa kiume alikuwa na miezi minane na meno mawili. Mama yao alishona sare za shule kwa cherehani, mtoto akiwa miguuni pake anachezea vipande vya kitambaa.

Ungepita nje ukasikia cherehani na porojo za Chiriku, ungesema nyumba hii haina shida. Ilikuwa nayo. Mama Chiriku alipojifungua mtoto wa pili, alitokwa na damu nyingi mno. Mumewe alikaa kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi hadi jioni, na hakuna aliyemwambia kitu. Mwishowe mke akapona, kwa kuongezwa damu ya watu asiowajua. Daktari akawaita wote wawili, akawaambia bila kuzunguka kwamba mwili wa mama unahitaji kupumzika. Asibebe mimba nyingine kabla ya miaka miwili kwisha. Fundi aliitikia kwa kichwa.

Walianza na vidonge vya uzazi wa mpango, lakini vile walivyopewa havikumfaa mama, presha ikapanda. Wakashauriwa watumie njia isiyo na homoni, yaani isiyo na dawa ya kubadilisha mwili. Wakachagua kondomu. Siku ile foleni ilikuwa ndefu, wakapewa boksi zima na kuambiwa wakasome maelezo nyumbani. Fundi aliona haya kidogo. Alizoea kusikia kwamba kondomu ni za watu wanaoibiana, si za mtu na mkewe wa ndoa. Mkewe alimuuliza kama anapendelea kuona haya au kuona kaburi. Hapo mazungumzo yakaisha.

Basi fundi alikuwa na rafiki, dereva wa pikipiki, mtu ambaye habari haipiti kwake bila kutiwa chumvi. Rafiki huyo akamwambia kwamba kondomu zote zina vitundu visivyoonekana kwa macho, na mbegu hupenya humo. Fundi akamuuliza kama ameviona. Dereva akajibu kwamba vitu visivyoonekana kwa macho vitaonekanaje, ila kila mtu anajua. Siku hiyo fundi hakula chakula cha mchana.

Mtu mwingine angezitupa. Lakini vitundu ndiyo kazi ya fundi huyu, tena kazi anayoijua. Kila alipopata nafasi alijificha nyuma ya matairi yaliyoning'inizwa, akafungua pakiti moja, akaijaza kondomu upepo, akaizamisha majini, akaizungusha na kuitazama. Hakuona kiputo. Akaikausha kwa kitambaa safi, akaipaka ile poda anayopaka tyubu zisigandane, akaikunja upya, akaiweka kwenye kopo. Kwa kuwa poda iliifanya kavu, wakati wa kuitumia aliongeza mafuta ya mgando. Mkewe hakujua lolote kuhusu beseni. Alijua tu kwamba mumewe ndiye mtunza kopo, na kwamba analitunza kwa makini sana.

Wiki ya pili kondomu moja ilipasuka. Wakaishi roho juu mpaka mama alipoona siku zake. Fundi akafikiri na kupata dawa: atavaa mbili, moja juu ya nyingine. Zikapasuka zote mbili.

Asubuhi yake Mama Chiriku hakukaa kwenye cherehani. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mtoto mapajani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Baba Chiriku," alisema, "mimi siwezi tena kubahatisha. Nakupenda, na unajua nakupenda. Lakini kila ukinisogelea nakiona kile chumba cha kujifungulia. Kuanzia leo nitalala na watoto."

Fundi hakubisha. Angebishaje? Na yeye benchi lile halijamtoka kichwani. Alichosema ni kwamba waende kituo cha afya.

"Tukaseme nini?"

"Tukaseme ukweli. Wakitucheka, watanicheka mimi."

Chiriku aliachwa kwa jirani. Kituoni walipokewa na muuguzi wa makamo aliyeitwa Sista Polepole. Alitembea polepole, akasema polepole, na hakumwachia mtu atoke chumbani mwake kabla hajaelewa. Waliokuwa na haraka walimkimbia. Walioelewa hawakurudi na shida ileile.

Sista alisikiliza kwanza. Akampima mama presha. Kisha akauliza kondomu zilipasuka lini. Alipoambiwa ni usiku uliopita, akasema wamefanya vizuri kuja mapema, akatoa vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Mama Chiriku akavitazama kwa hofu.

"Vidonge tena, Sista? Na presha yangu?"

"Hivi si vile vya kila siku, mama. Hivi unavimeza leo tu, na kwa presha yako havina neno. Vinazuia yai lisitoke kwa sasa. Kama mimba imeshatunga, haviitoi. Mtu akipasukiwa, aje ndani ya siku tano, na akiwahi ni bora zaidi. Siku zako zikichelewa zaidi ya wiki moja, rudi nikupime."

Mama Chiriku alivimeza palepale. Sista akamgeukia fundi, akamwomba amweleze wanavyozitumia, hatua kwa hatua, bila haya. Fundi akapiga moyo konde. Akatoa lile kopo mfukoni, akalifungua, akaliweka mezani. Ndani mlikuwa na kondomu nne, nje ya pakiti zake, nyeupe kwa poda.

"Hizi zimepimwa," alisema. "Nazipima mwenyewe."

Akaeleza yote. Upepo, beseni, kitambaa, poda, mafuta, na zile mbili kwa pamoja. Alieleza kwa utaratibu, kama anayemweleza mteja kazi aliyoifanya kwenye baiskeli yake. Alipomaliza, mkewe alimkodolea macho. Sista hakucheka.

"Fundi," aliuliza, "tyubu ikimwagikiwa mafuta inakuwaje?"

"Inalainika. Inavimba. Haifai tena, unaitu..."

Hakumaliza neno. Sista akamngoja.

"Na ukiacha vipande viwili vya mpira vinasuguana ndani ya tairi?"

"Vinakulana," fundi alijibu kwa sauti ndogo.

"Unaona? Hakuna nitakalokufundisha hapa usilolijua. Kondomu hii nayo ni mpira, tena mwembamba sana. Mafuta ya mgando, mafuta ya kupikia, losheni, vyote vinaila. Ukitaka kilainishi, tumia cha maji, ninacho hapa. Kondomu mbili zinasuguana na kuchanika, kwa hiyo vaa moja tu. Na vile vitundu ulivyoambiwa havipo. Kiwandani kila kondomu hupimwa kwa umeme, yenye tundu inatupwa. Nyingine chache huchukuliwa, zikajazwa maji na upepo, kama ulivyofanya wewe. Hizo haziuzwi, fundi. Zikishapimwa hivyo, zinatupwa, maana zimeshavutika."

Fundi alilitazama kopo lake. Moyo ulimuuma kweli. Wiki zote hizo alidhani anamlinda mkewe, kumbe ni mikono yake mwenyewe iliyokuwa inamrudisha kwenye hatari. Akamgeukia.

"Mama Chiriku, nisamehe. Ni mimi niliyeziharibu."

Mkewe alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Mabega yalimtikisika. Fundi alidhani analia, na ni kweli machozi yalikuwa yanamtoka, ila alikuwa anacheka. Alicheka mpaka mtoto naye akacheka na kuonyesha meno yake mawili. Fundi hakuwa amesikia kicheko kile tangu kabla ya mtoto huyo kuzaliwa.

"Kumbe ulikuwa unajificha nyuma ya matairi unanipimia mimi?" alisema, akimfuta mumewe poda iliyomshika mkononi. "Na hukuniambia?"

"Nilijua utaogopa ukisikia zina matundu."

"Mimi ningekuambia twende tukaulize. Basi. Usiogope peke yako tena."

Sista aliwaacha kidogo, akajifanya anatafuta kitu kabatini. Aliporudi alikuwa na pakiti mpya na kifaa cha mti cha kufundishia, akamwambia fundi afanye yeye. Fundi akaangalia tarehe kwanza. Akaibonyeza pakiti, akasikia upepo ndani, ishara kwamba haijatoboka. Alipotaka kuifungua kwa meno, Sista alimgusa mkono tu, naye akaichana kwa vidole. Akabana ile ncha isiwe na hewa, akaikunjua juu ya kile kifaa hadi chini. Sista akawakumbusha kwamba mwanamume akimaliza anatoka mapema, ameishika kondomu pale chini isichomoke, kisha anaitupa kwenye taka. Tendo jingine, kondomu nyingine. Na boksi likae mahali pakavu pasipo joto, si kwenye pochi wala juani kibandani.

Mama Chiriku naye alikuwa na lake moyoni. Aliuliza kuhusu kondomu ya kike. Shoga yake alimwambia kwamba ikiingia hupotelea tumboni mpaka mtu apasuliwe.

"Ipotelee wapi?" Sista aliuliza. "Mlango wa kizazi ni mdogo sana, haupitishi kitu kama hicho. Tena ina pete mbili, na ile ya nje inabaki nje. Unaivaa mwenyewe mapema, bila haraka. Ila ukitumia ya kike, yeye asivae yake. Zitasuguana."

"Zinakulana," fundi alisema, na safari hii wote watatu walicheka.

Sista hakuwadanganya. Aliwaambia hakuna njia isiyokosea kabisa, lakini kondomu ikitumiwa vizuri kila mara ni wachache sana wanaopata mimba, na tena inakinga magonjwa. Wakitaka njia ya muda mrefu isiyo na homoni, kipo kitanzi cha shaba kinachowekwa ndani ya kizazi, waje wazungumze. Kuhusu yale ya watu wanaoibiana, alisema hajapata kuona kondomu inayouliza cheti cha ndoa.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Fundi aliziba pancha, akafunga minyororo, lakini masikio yalikuwa njiani. Siku ya kumi na tano mkewe alifika kibandani mchana kweupe, mtoto mgongoni, wateja watatu wamekaa. Hakusema mbele yao. Alimwinamia sikioni.

"Nimeona siku zangu."

Fundi alikaa chini juu ya tairi kuukuu na machozi yakamtoka. Wateja wakauliza kuna nini. Akasema ni gundi, inawasha macho. Mkewe akageuka haraka wasimwone anavyocheka, akarudi nyumbani. Jioni hiyo alirudisha mto wake kitandani.

Walizitumia kondomu walivyofundishwa, wakati mwingine ya kiume, wakati mwingine ya kike, na hazikupasuka tena. Dereva wa pikipiki alipoleta tena hadithi ya vitundu, fundi alimpandisha kwenye pikipiki yake mwenyewe na kumpeleka kwa Sista Polepole. Dereva alitoka huko baada ya saa nzima, mtu mpole.

Miaka miwili ilipotimia walirudi kituoni. Presha ya mama ilikuwa nzuri, mwili umerudi, mtoto wa meno mawili sasa anakimbia na kumjibu dada yake neno kwa neno. Sista aliwaambia kwamba sasa, kama wanataka mtoto mwingine, wanaweza kulizungumza na daktari. Mama Chiriku alisema watafikiri, halafu akamtazama mumewe amsikie yeye anataka nini.

Fundi aliinamisha kichwa kama anayetazama beseni.

"Akija, nitampenda," alisema. "Lakini yule niliyekuwa namwombea kwa Mungu pale kwenye benchi la hospitali, ninaye tayari."

Mama Chiriku akamshika mkono mbele ya Sista, bila kuona haya.