Mzazi Aliyehesabu Fito

Nyumba ya Bi Fatu pale Mbegani haikujua kimya. Asubuhi kinu kinatwanga, kuku wanafukuzwa, na Bi Fatu mwenyewe anasema na kila mtu, hata na chungu kikichelewa kuchemka. Mwanawe Mwinjuma alitoka alfajiri kwenda kazini kwenye mashamba ya chumvi. Mke wa Mwinjuma, Ashatu, alikuwa ndani na mtoto wake wa kwanza, Mwanabaraka, akisubiri arobaini itimie. Huo ulikuwa mwaka wa 1954.

Ashatu hakunyimwa kitu. Uji wa pilipili manga alipewa, supu ya kuku alipewa, na maji ya moto alikandwa. Mtu angesema, mzazi huyu anadekezwa! Lakini Ashatu alikuwa kama amelala macho wazi. Sauti za watu zilimfikia kutoka mbali. Mikono yake aliiona, ila aliiona kama ya mtu mwingine. Mwanga uliingia kwenye tundu za makuti, ukatembea ukutani polepole, naye akaufuata kwa macho mpaka ukaondoka. Kisha akahesabu fito za paa. Kumi na tisa. Akaanza tena.

Mtoto alipolia, alimnyonyesha. Lakini moyoni hakusikia kitu, na hilo lilimtisha. Mama gani huyu? Angemwambia nani?

"Cheka basi, mwanangu," Bi Fatu alimwambia. "Wenzio wanaomba mtoto hawapati. Usikufuru."

"Ndiyo, mama," Ashatu akajibu.

Kila aliyeingia chumbani alikuja na kicheko chake, akaondoka nacho. Mzazi wa arobaini haambiwi la huzuni, wala haulizwi la huzuni. Ndiyo desturi, na ina wema wake. Lakini jamani, mtu anazama, nawe unamwambia acheke?

Ubani ukafukizwa. Mwalimu wa chuoni akasoma dua. Ashatu alitulia kidogo kwa dua ile, ila usingizi haukurudi. Siku ya thelathini alimsikia Bi Fatu akisema na Mwinjuma barazani.

"Mama aliye hivi hawezi kulea. Arobaini ikitimia, mtoto atakwenda Mkange kwa shangazi yake, Bimdogo. Naye ananyonyesha, maziwa yatawatosha wote wawili. Nimekwisha mpelekea salamu."

"Na Ashatu je, mama?"

"Apumzike. Atazaa mwingine."

Hatua za Mwinjuma zikasikika zikitoka barazani.

Ashatu alitaka kupiga ukelele, mdomo haukufunguka. Hapo ndipo alipojua kwamba anampenda mtoto yule, maana aliogopa mno.

Kesho yake alikuja Bi Mwanamvua, mkunga aliyesomea kazi hospitalini. Kila Jumatano alikuwa akiwafundisha wanawake wa Mbegani kusoma. Hakuja na kicheko. Aliketi kitandani akauliza, "Unapata usingizi, mwanangu?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Ashatu hivyo. "Sipati," akasema.

"Hata mtoto akilala?"

"Hata akilala."

Bi Mwanamvua akatoka uani. "Dada Fatu, mkweo anaumwa."

"Anaumwa bila homa? Ala! Ulegevu huo. Sisi tulizaa, tukaamka, tukatwanga."

Bi Mwanamvua hakubishana. Alimjua mtu wake. "Haya, tuyaache. Siku ya arobaini wanawake wa darasa watacheza mchezo hapa uani. Mchekeshaji wa Mbegani ni nani kama si wewe? Ucheze mzazi asiyelala."

Bi Fatu akajitengeneza kanga. Sifa mtu haikatai.

Siku ikafika. Baada ya alasiri wanawake walijaa kwenye mikeka. Kitanda kikatolewa ndani, kikawekwa uani. Bi Fatu akalala, amekumbatia kibuyu kilichofungwa nguo kama mtoto. Jirani yao aitwaye Mgeni alicheza mama mkwe, akaiga mwendo wa Bi Fatu mwenyewe, kiuno huku, bega kule. Watu hoi!

"Uuuwi! Nakufa miye!" Bi Fatu akalia, akirusha miguu.

"Sivyo."

Watu wakageuka. Ashatu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto.

"Sivyo, mama. Halii. Angelia ingekuwa nafuu."

Bi Fatu akainua kichwa. "Vipi basi?"

"Lala chali. Tazama juu, uhesabu fito. Watu wanacheka, unawasikia kwa mbali. Mtoto analia, unamnyonyesha, husikii kitu. Unaogopa kusema, maana watakuona mbaya."

Uani hakukuwa na fito, kulikuwa na mbingu tu. Bi Fatu akalala chali akaitazama. Kicheko kikaisha. Wingu dogo likapita, na bado alikuwa anatazama. Kibuyu kikamteleza mkononi, hakukiokota.

"Napajua hapa," akasema polepole. "Nilikuwa hapa hapa alipozaliwa Majaliwa."

Mgeni alidhani mchezo unaendelea. "Majaliwa si mtoto wa kaka yako wa Vigwaza?"

"Ni wangu mimi. Walimchukua siku ya arobaini. Mpaka leo ananiita shangazi."

Akalia, na safari hii alilia kweli. Ashatu akaketi kando yake naye akalia, mara ya kwanza tangu ajifungue.

Bi Mwanamvua akawaacha walie kwanza. Kisha akasema, "Jamani, sikilizeni. Mzazi huweza kuugua moyo na akili kama anavyougua mwili. Si laana, wala si ulegevu. Dua asomewe, na tiba apate pia. Apate usingizi, asaidiwe mtoto, asikilizwe. Akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, msimwache peke yake hata kidogo. Mpelekeni hospitali siku ile ile. Na mtoto msimtenge na mamaye."

Siku ya tatu Bimdogo akafika kutoka Mkange, mwanawe mgongoni, na kanga nyingine ya kumbebea Mwanabaraka. Bi Fatu akampokea mzigo. "Karibu, mwanangu. Mtoto haendi. Ila umekuja wakati mwema, kaa utusaidie kupika."

Tangu hapo mtoto akisha kunyonya alfajiri, Bi Fatu alimchukua, Ashatu akalala. Mwinjuma akirudi kutoka kazini alimwogesha binti yake. Wenzake wakamtania, naye akawajibu, "Tulizaa sisi wawili, tutalea sisi wawili." Bi Mwanamvua alimpeleka Ashatu kwa daktari, na kila wiki alikuja kumsikiliza.

Hakupona kwa siku moja. Kulikuwa na siku za kurudi nyuma, na Bi Fatu alijifunza kutosema cheka. Mwezi wa nne tangu kujifungua, asubuhi moja, Mwanabaraka alipiga chafya, akashtuka mwenyewe. Ashatu akacheka mpaka akashika ubavu, wala hakuna aliyemwambia acheke.

Mwaka uliofuata wanawake wa Mbegani waliupeleka mchezo ule vijiji vya jirani, na sasa mzazi alikuwa Ashatu. Siku moja mchezo uliisha, watu wakatawanyika, mikeka ikakunjwa. Mwanamke mmoja akabaki ameketi mchangani, mtoto mchanga mapajani.

"Dada," akasema bila kuinua macho, "hadithi ile mmeitoa wapi?"

"Ni yangu," Ashatu akasema. Akautandika mkeka tena, akaketi karibu naye. "Nipe mtoto nimshike. Nawe sema polepole, leo sina haraka."