Mgonjwa Namba Kumi na Tisa na Sanduku Lake

"Namba kumi na tisa."

Mlango ukafunguliwa. Wakili akainua kichwa kutoka kwenye fomu zake, na tabasamu lake la kazini likamfia mdomoni. Aliyeingia alikuwa mchumba wake, fundi wa lifti, kashika karatasi ya foleni kama mgonjwa mwingine yeyote.

"Wewe umefuata nini hapa?"

"Nipo kwenye foleni tangu saa mbili," Fundi akasema huku akikaa. "Naumwa."

"Unaumwa nini? Jana si ulikuwa mzima? Au ni kile kifua, maana nilishakwambia maji ya baridi uache, sasa wewe..."

Kwenye kona, Profesa, msimamizi wake, akakohoa.

Wakili hakuwa wakili wa mahakamani. Jina alipewa na mama yake, kwa sababu tangu utotoni alikuwa akiwajibia wenzake hata pale asipoulizwa. Kazi yake ilikuwa utafiti, katika kituo kinachochunguza namna ya kumtibu mtu pamoja na nyumba yake, kazi yake na hofu zake, si kile kiungo kinachouma tu. Ukutani kulikuwa na maandishi makubwa: MTU KWANZA. Na sheria yao ilikuwa moja. Mgonjwa anasema mpaka atamke mwenyewe "nimemaliza". Kisha mtafiti anarudia alichosikia na kuuliza, "Nimekuelewa?" Akiambiwa hapana, anaanza upya.

Sheria hiyo Wakili aliwafundisha wenzake yeye mwenyewe. Kazini alikuwa msikivu wa kupigiwa mfano. Akivua koti jeupe tu, mdomo unafunguka na haufungwi tena. Mganga hajigangi, wamesema wahenga.

"Profesa, huyu ni mchumba wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Haifai mimi kumhoji."

Profesa alikuwa mama wa makamo, miwani juu ya paji la uso, na mara moja kwa mwezi alikuja kukaa kwenye kona ile kuangalia kazi inavyokwenda.

"Kweli, haifai. Usimwandike kwenye utafiti. Lakini msikilize. Kwani mchumba si mtu?"

Kisha akasogeza kiti chake karibu nao. Alisema feni inampiga mgongoni.

Wakili akajiweka sawa kitini. "Karibu. Jambo gani ni kubwa kwako leo?"

"Sanduku."

Wakili akafungua mdomo, akaiona kalamu ya Profesa ikiinuka, akaufunga.

"Kuna sanduku nyuma ya mlango wangu," Fundi akaendelea. "Jekundu, la magurudumu. Kanunua mchumba wangu. Kampuni iliponiambia kuna kazi ng'ambo, mkataba wa miaka mitatu, nilimpigia simu. Nikasema, 'Kuna habari.' Akasema, 'Najua, umepata safari.' Akakata, akampigia mama yake. Mpaka natoka kazini, mtaa mzima unanipa hongera."

Wakili akajikuna shingo.

"Jumapili nikaenda kwao tuzungumze. Nikakuta wanapanga viti vya sherehe ya kuniaga. Jana nikamwandikia." Akatoa simu, akasoma taratibu. "'Tunaweza kuongea leo?' Akanijibu: 'Tutaongea vizuri ukishafika. Usisahau soksi nzito. Nimekununulia na kufuli la sanduku.'"

Profesa akashusha miwani ili aone vizuri.

"Kesho saa sita mchana natakiwa nipeleke jibu. Watu wote wameshajibu kwa niaba yangu, isipokuwa mimi mwenyewe. Leo siku ya nne silali. Nimemaliza."

Wakili akashika kalamu kwa nguvu.

"Nikikuelewa vizuri, unaogopa safari. Ni kawaida, maana hata ndege yenyewe..." Akajizuia. "Nimekuelewa?"

"Hapana."

Wakili akaanza upya.

"Unataka mchumba wako aende nawe. Nimekuelewa?"

"Hapana."

Lililobaki lilikuwa moja. Akalisema akiwa ameinamia fomu.

"Unataka kumwacha."

"Hapana. Ningetaka kumwacha, ningeenda."

Wakili akaiweka kalamu chini. Miaka miwili amewafundisha watu kwamba ukishindwa kumwelewa mgonjwa, usikisie, muulize. Miaka hiyo hiyo miwili amekuwa na huyu bwana, na hakuwahi kumuuliza kitu akasubiri jibu.

"Unataka nini?" akauliza. Kisha akanyamaza kwelikweli.

Fundi akaitazama karatasi yake ya foleni.

"Nataka kubaki. Lifti za mji huu nazijua kwa mlio, nikisikia tu najua ipi inaumwa. Na Baba anasahau siku hizi. Juzi alimwita jirani kwa jina la marehemu mama. Mimi bado ananijua. Nikirudi baada ya miaka mitatu, atanijua?" Akaikunja ile karatasi. "Na wewe nakupenda, na makelele yako yote. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie usiende. Wote wakasema hongera. Wewe ukaniletea kufuli."

Machozi yalimtoka Wakili bila kuomba ruhusa.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilianza mara tatu."

Akajifuta kwa mkono wa koti. "Unataka kubaki, kwa ajili ya Baba, na lifti zako, na mimi. Na ulitaka kuombwa ubaki. Nimekuelewa?"

"Umenielewa."

"Basi nakuomba. Usiende."

Fundi akashusha pumzi ya siku nne. Kisha akamgeuzia swali. "Na wewe, ile haraka yote ya kunifungia safari ilikuwa ya nini?"

"Nilidhani hiyo ndiyo ndoto yako. Nikaona nikinyamaza hata dakika moja nitalia, na nikilia utabaki kwa kunihurumia. Ndiyo maana nikawa naongea, na nikiishiwa maneno naenda dukani." Akapenga kamasi. "Nimemaliza."

"Kumbe tulikuwa wagonjwa wawili," Profesa akasema, na yeye macho yake hayakuwa makavu.

Simu ya Wakili ikalia, ujumbe umeingia. Mama yake aliandika: "Mwambie mkwe wangu apige picha akiwa ndani ya ndege. Majirani wanaisubiri."

Akajibu: "Mama, haendi."

Haikupita nusu dakika, simu ikapigwa.

"Umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Nimemsikiliza, Mama."

Upande wa pili redio ikazimwa.

"Wewe?" mama akauliza.

Kesho yake saa sita Fundi alipeleka jibu lake mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe. Viti vya kuagana havikurudishwa. Mama alisema sherehe ni sherehe, kinachobadilika ni hotuba. Na sanduku jekundu lilisafiri baada ya miezi minne, vichochoro viwili tu, likiwa limebeba nguo za Baba kwenda nyumba mpya ya maharusi, ambako alikuwa ameshatengewa chumba chenye dirisha.

Siku ya ndoa, ofisi ya msajili ilijaa hadi mlangoni. Baba alikaa mbele, akimnyooshea Fundi kidole na kumwambia kila mtu: "Yule mrefu ni mwanangu."

Msajili wa ndoa, mzee asiyependa utani, akamgeukia Fundi.

"Je, unakubali kumwoa huyu binti kwa hiari yako?"

"Anakubali," Wakili akasema.

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mama mtu akajifunika uso kwa mtandio. Wakili akaziba mdomo kwa maua yake, macho yamemtoka kwa aibu.

"Binti," msajili akasema, "sijakuuliza wewe."

Fundi alikuwa amejishika mbavu kwa kucheka. Akajifuta machozi, akamshika bibi harusi wake mkono.

"Andika tu, mzee," akasema. "Safari hii amenielewa."