Mishipi Iliyonasana Gatini

"Fundi Saa! Umeninasa tena!"

"Samahani, Mama Sindano. Ni upepo."

"Upepo gani? Moshi wa sigara ya Mwenyekiti unapanda wima kama mlingoti!"

Gati zima likaguna. Ilikuwa Jumamosi, majira ya baridi, wakati samaki wanasogea karibu na ukuta na wanachama wa klabu ya uvuvi wanajipanga mstari na masweta yao, kila mtu na fimbo yake, ndoo yake na vipande vyake vya ngisi vya chambo. Sheria kubwa ya klabu ni moja: rusha mshipi mbele yako, usivuke wa jirani.

Fundi Saa, mgane mwenye kiduka cha kutengeneza saa chembamba kama kabati, alikuwa akilaumiwa kwa kuvuka kila Jumamosi. Na jirani aliyenaswa alikuwa yule yule: Mama Sindano, fundi cherehani, mjane, mwenye mashavu yaliyokataa kuzeeka.

Basi wakaketi chini, goti kwa goti, fundo la nailoni mapajani, wakaanza kufungua.

"Vuta taratibu," akasema mzee.

"Nimevuta. Wewe ndiye unayekaza."

"Mikono yako imepoa. Kunywa chai kidogo."

"Ina sukari?"

"Ipo. Ila ukiikoroga kwa kidole chako itazidi."

"Mzee, shika adabu!" Lakini kikombe alikipokea, na meno yote yalikuwa nje.

Samaki wakapita, wakarudi, wakapita tena. Wawili hao wala habari hawana.

Aliyekuwa na habari ni Katibu wa klabu, bwana wa fimbo ya bei mbaya na kofia ya mifuko minne. Naye alikuwa amemwekea Mama Sindano jicho tangu baridi ianze, na mjane hakuwahi kumpa hata nusu ya cheko.

"Mwenyekiti," akasema kwa sauti ili wote wasikie, "huyu mzee macho yamekwisha. Kesho keshokutwa ndoana yake itamtoboa mtu. Atolewe klabuni!"

Mwenyekiti, dereva mstaafu wa lori asiyependa makelele, akatema moshi.

"Jumamosi ijayo tutaamua wote."

Jioni hiyo simu ya Mama Sindano ikalia. Ujumbe wa Fundi Saa.

"Mama, najitoa kabla hawajanitoa. Sitaki watu wakuseme kwa ajili yangu. Asante kwa baridi hii."

Mama Sindano akavaa miwani, akajibu.

"Nani kakuambia mimi nasemeka?"

"Katibu ana gari na fimbo nzuri. Mimi nina saa za watu tu."

"Nimekuuliza gari? Jumamosi uje. Usipokuja nitakufuata dukani na mtaa mzima utajua kuna nini."

"Nitakuja."

"Na uvae sweta la kijani. Lile jekundu unafanana na mtungi wa gesi."

Jumamosi ikafika. Wanachama wakageuza ndoo, wakazikalia. Fundi Saa kasimama katikati na sweta lake la kijani, kama mwanafunzi aliyechelewa. Katibu akakohoa kiwakili.

"Swali moja tu, mzee. Macho yako yanaona au hayaoni?"

Mzee akamtazama Mama Sindano, akainamisha kichwa.

"Yamechoka. Nitolewe tu."

"Muongo!" Mama Sindano akainuka, ndoo ikabingirika. "Wiki hii umenifungia skrubu ya saa ndogo kuliko punje ya mchanga, bila miwani!"

"Ahaa!" Katibu akaruka. "Kumbe ni makusudi!"

"Ni makusudi. Na mimi pia."

Hata mawimbi yalitega sikio.

"Mara mbili za kwanza alivuka yeye," akasema. "Zilizofuata nilivuka mimi, nikampigia kelele yeye. Na nyinyi mnadhani mtu aliyetunga uzi kwenye sindano tangu utotoni anashindwa na fundo la nailoni? Akigeuka kumimina chai, nilikuwa nalifunga upya."

Fundi Saa akaachama.

"Ulikuwa unalifunga? Mimi nilidhani nalifunga peke yangu!"

Watu walicheka mpaka mmoja akaangusha chambo chake baharini. Mwenyekiti akafuta machozi kwa mkono wenye sigara.

"Sheria inakataza kuvuka mshipi wa jirani," akasema. "Haisemi lolote kuhusu mume na mke. Mzee, una la kusema? Sema upesi, baridi inatuua."

Fundi Saa akavua kofia.

"Mama Sindano, mimi fimbo yangu ni ndefu, inatutosha wawili..."

"Weee!" likalia gati zima.

"Ya kuvulia!"

"Nimekubali," Mama Sindano akamkatiza. "Nyamaza sasa, usije ukaharibu."

Harusi ikapangwa Jumatano, maana hakuna mwanachama aliyekubali kupoteza Jumamosi. Katibu alinuna siku mbili, siku ya tatu akatoa gari la kumbeba bibi harusi. Mtu akishindwa, bora ashindwe na heshima zake.

Binti yake Mama Sindano, aliyeolewa mji wa mbali, akapiga simu.

"Mama! Unaolewa na hujanishirikisha?"

"Nawe ulipomleta yule wako sebuleni na sanduku tayari mkononi, ulinishirikisha?"

Binti akacheka.

"Haya basi, hongera. Niambie tu kitu kimoja, anakoroma?"

"Niulize Alhamisi, mwanangu."