Nilibandika Sura Isiyo Yangu

Naitwa Nesta. Hapa sokoni Tunduma wananiita Mama Clever. Nauza mchele unaotoka bonde la Kamsamba. Mzigo ukishuka, napepeta, nachambua mawe, napima. Mchele wangu ni mzuri. Sijisifu, waulize watu.

Ng'ambo ya njia yupo Imelda. Naye anauza mchele wa Kamsamba. Unakuja na gari lile lile. Sasa sikilizeni alichonifanyia.

Alimleta mchekeshaji, yule anayeitwa Mjomba Kijiko. Watu wote wanamjua kwenye simu. Akaja amevaa sufuria kichwani. Akacheza juu ya magunia ya Imelda huku anarekodiwa. Kisha Imelda akaweka spika mlangoni. Kutwa nzima inapiga kelele: "Kama hujala mchele wa Imelda, wewe umekula nini?"

Jamani, niliumia! Nilimwonea wivu Imelda mpaka chakula hakipiti. Akicheka, naona ananicheka mimi. Akivaa kitenge kipya, naona amekinunua kwa wateja wangu.

Kilichonimaliza kabisa ni Bana Mercy, yaani Mama Mercy. Anatoka Nakonde, upande wa Zambia, na ana mgahawa mkubwa. Kwa miaka sita alinunua kwangu tu. Anafika, ananisalimia, "Mulishani, Bana Clever?" Namjibu kwa heshima, "Bwino, mukwai." Tunaongea ya nyumbani, anapakia, anaondoka. Lakini siku hiyo alinipungia mkono tu. Akaingia kwa Imelda, akatoka na viroba vitano.

Nilimwambia mume wangu, "Timotheo, Bana Mercy akihama, biashara imekufa. Nusu ya mchele wetu anachukua yeye."

"Ongea naye basi," akasema.

"Niongee nini? Mimi nataka mtu maarufu kuliko wa Imelda!"

Nikaenda kwa Luka, fundi wa mabango. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya Loisi, mwimbaji wa injili. Huyo anapendwa huku kwetu na Zambia pia.

"Andika hivi," nikamwambia. "'Mimi nakula mchele wa Mama Clever tu.' Chini weka namba yangu ya simu. Iwe kubwa!"

Luka akaniangalia. "Mama Clever, huyu dada amekupa ruhusa?"

"Ni ndugu yangu wa ukoo," nikamjibu. Sikupepesa hata jicho.

Tulipobandika lile bango, watu walijaa. Wengine walisimama kulipiga picha. Siku ya pili nani akaja? Bana Mercy! "Kumbe Loisi anakula huu?" akauliza. "Wanakwaya wenzangu watafurahi!" Akapiga picha, akaituma kwenye kundi lao la simu. Akapakia viroba saba. Mimi nikamtazama Imelda, nikamwonyesha meno yote.

Siku ya tano simu ikaita.

"Naongea na Mama Clever?" sauti ya mwanaume ikauliza. "Naitwa Gasper. Ninasimamia kazi za mwimbaji Loisi. Picha ya bango lako imetufikia kutoka Zambia. Namba yako nimeisoma hapo hapo."

Nikakaa juu ya kiroba.

"Loisi hakujui," akaendelea. "Mchele wako hajawahi kuuonja. Nani amekuruhusu kutumia sura yake?"

"Nisamehe, baba. Ni wivu tu."

"Liondoe leo. Na uwaambie wote waliotumiwa hiyo picha kwamba si kweli. Usipofanya hivyo, tutakushitaki."

Nikapanda kwenye stuli kulishusha lile bango mchana kweupe. Imelda alitoka nje kutazama. Alileta hadi kiti, akakaa atazame vizuri.

Kumpigia Bana Mercy kulikuwa kugumu zaidi. Nilimweleza yote, nikamwomba awaambie na wanakwaya wenzake kwamba si kweli.

"Bana Clever, umenidanganya mimi?" akasema. "Mimi nimewatumia watu wa kanisa uongo? Kwako sirudi." Akakata simu.

Nililia pale pale dukani. Fides akanikuta hivyo. Fides ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yetu. Huwa anafundisha kikundi chetu cha akina mama wafanyabiashara. Nilimmwagia yote.

"Mbona Imelda amefanya hivyo hivyo na hajaguswa?" nikauliza kwa hasira.

"Hajafanya hivyo hivyo," Fides akasema. "Imelda alikubaliana na Mjomba Kijiko, wakaandikiana. Sura ya mtu ni yake. Sauti yake ni yake, jina lake pia. Ukitaka kuvitumia kwenye tangazo, unamwomba, na mnaandikiana atafanya nini na kwa muda gani. Halafu lazima useme kweli. Wewe ulimsemesha Loisi maneno ambayo hakusema."

"Basi mimi sina mtu maarufu. Nimekwisha."

Fides akatoa simu yake. "Hebu msikilize huyu."

Alikuwa Mjomba Kijiko na sufuria yake, kwenye soko jingine. Alikuwa anasema, "Kama hujala unga wa Moses, wewe umekula nini?"

Hapo nilicheka, machozi bado mashavuni. "Kumbe anasema hivyo kwa kila mtu!"

"Ndiyo kazi yake, na si kosa," Fides akasema. "Mtu maarufu anawafanya watu wageuke wakutazame. Lakini hawezi kukuambia mchele ukoje. Mnunuzi ajiulize: huyu ameutumia kweli, au amelipwa tu kuusifu? Sasa niambie. Wewe una nini ambacho Imelda hana?"

Nilifikiri. "Mchele wa Imelda unatoka kwa madalali. Wangu mimi analima mama mkwe wangu, Tumpe."

"Na wateja wanajua?"

"Sijawahi kuwaambia."

"Waambie basi. Na uwaonjeshe. Lakini kwanza ukamwombe ruhusa huyo mama."

Nilishuka Kamsamba kwenye joto lile. Nikamkuta mama mkwe shambani, matope hadi magotini.

"Mama, naomba picha yako niiweke kwenye viroba."

"Sitaki. Watu watasema najionyesha."

Kesho yake nikamwomba tena. Akakataa tena. Siku ya tatu akaniita mwenyewe.

"Utaandika nini?" akauliza.

"Kwamba mchele huu umeulima wewe, hapa Kamsamba."

"Hilo ni kweli. Andika. Ila jina langu usilikosee. Na siku nikisema toa, utoe."

Tuliandikiana kwenye karatasi. Alitia sahihi, nami nikatia yangu. Nikampiga picha akiwa ameshika mundu, bila kumpamba.

Sasa kila asubuhi napika sufuria ndogo ya wali mlangoni. Harufu inajitangaza yenyewe. Anayepita anaonja bure, na asiponunua sikasiriki. Viroba vina picha ya Tumpe. Watu wameanza kuulizia mchele wa bibi. Wengine wanamtumia salamu yeye. Mimi niliyesimama juani hawanisalimii! Hata hapo wivu ulinipanda kidogo.

Jumanne iliyopita Bana Mercy alisimama mbele yangu. Hakunisalimia. Alichukua kijiko, akaonja wali. Akaonja tena. Akanyoosha kidole kwenye kiroba.

"Na huyu bibi, naye umemwiba?"

Neno hilo lilinichoma, lakini nilistahili. Nikampigia simu mama mkwe, nikaweka spika ili Bana Mercy asikie.

"Shikamoo, mama. Kuna mteja anauliza kama nilikuomba ruhusa."

"Marahaba. Aliniomba," Tumpe akasema. "Nikamkatalia mara mbili. Huyo mkwe wangu ni king'ang'anizi! Na wewe mteja, mwaka huu mchele ni mzuri, ila mvua ya mwisho ilizivunja punje kidogo. Usiseme sikukwambia."

Bana Mercy alicheka mpaka akashika kiuno. "Hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia hivyo," akasema. Kisha akanigeukia. "Pakia vitano, Bana Clever. Ukinidanganya tena, tumeachana."

"Sitakudanganya, mukwai."

Nikiwa nafunga kiroba cha mwisho, nikainua macho. Imelda amesimama mlangoni kwake, mikono kiunoni, anavitazama viroba vikipakiwa. Yale macho niliyajua. Ni ya wivu, nami nilikaa nayo miezi miwili.

Nilitamani kumwonyesha meno, nisiwe mwongo. Badala yake nikachota wali kwenye kisahani, nikamwita aje aonje.