Ng'ombe wa Shaba wa Kou

Kwa wezi wanaochimba makaburi ya kale huko Anyang, China, chombo hupandishwa kwanza kwa kamba, kisha mtu. Kaka wa rafiki yangu Suyun, msafisha vyombo vya kale, hakupandishwa. Kou, aliyeshika kamba, aliapa kwamba jamaa ametorokea kusini, kana kwamba kusini hakuna simu.

Kou alipomwita Suyun akisafishe chombo cha shaba kilichopandishwa siku ile, chenye kichwa cha ng'ombe, alikwenda. Alitaka amtazame machoni.

“Sugua tu, dada. Ng'ombe wangu haumi,” Kou alicheka.

Umeme ukakatika. Gizani, ndani ya shaba, kitu kikahema.

“Acha mchezo!” Kou akafoka.

“Mimi nimeshika brashi tu.”

Taa zikawaka. Mdomoni mwa ng'ombe ilining'inia kamba yenye udongo mbichi. Ncha ya pili ilikuwa imefungwa kiunoni mwa Kou, kwa fundo ambalo kaka yake Suyun pekee alilifunga hivyo, na ilikuwa ikivutwa.